Zamu ya Kwanza Inaanza Saa Ngapi

Mgodi ulipofungwa mwaka sitini na sita, wenye Kampuni waliondoka na kila kilichofunguka kwa spana. Waling'oa jenereta, wakang'oa winchi, wakang'oa vitanda vya hospitali na hata vitasa vya milango ya klabu yao. Walichosahau ni benchi moja la mninga kwenye baraza ya duka lao pale Geita, benchi refu la kukaa watu wanane, na miaka kumi na minane baadaye hilo ndilo lililokuwa kipande pekee cha mgodi kilichoingia kazini kila siku. Asubuhi anakuja Bashiri na birika lake la shaba na jiko la makaa. Zamani alikuwa mhudumu wa klabu ya wazungu. Kiingereza anakisikia chote ingawa kukisema hathubutu. Anafuata Thobias, aliyekuwa mwandishi wa mahudhurio ofisini. Huyo wanamwita Karani, na kalamu bado anaichomeka mfukoni japo wino ulikauka zamani. Halafu Bujiku, Msukuma dalali wa ng'ombe, jina lake la kijiweni Mnada, anayezungumza na watu watatu kana kwamba wako mia tatu. Kahawa inanywewa chungu na kashata haipo, kwani mwaka huo wa themanini na nne sukari ilikuwa inagawiwa na balozi wa nyumba kumi, na balozi mwenyewe alikuwa na watoto tisa.

Wa nne ni Sabiti, na wenzake wanamwita Zamu. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga king'ora cha mgodi, asubuhi, mchana na usiku, na mji mzima uliamka, ukapika na ukalala kwa mkono wake. Alhamisi hiyo alifika kabla ya wote, makaa hayajashika, akakaa ncha ya benchi na kuangalia viatu vyake. Hakuwa amepata hata lepe la usingizi. Jumatano, yaani jana yake tu, king'ora kililia Geita kwa mara ya kwanza tangu Kampuni iondoke. Kilitoa watu kwenye pamba, kikatoa watu kwenye machimbo, kikawajaza barabarani mpaka lango la mgodi, mbele ya wageni wa kampuni mpya na wakubwa wa Serikali waliokuwa wamekuja kujadiliana kuufungua upya. Aliyekipiga alikuwa Sabiti. Pale kijiweni hakuna aliyejua.

— Wameondoka, alisema Karani hata kabla salamu hazijaisha. Landrova zote tatu. Zimepita saa moja kasoro, vioo juu.

— Vioo juu? akauliza Mnada.

— Juu kabisa.

— Basi mambo yameharibika. Mnunuzi aliyepata anachotaka hushusha kioo akakuaga vizuri.

— Au wamesaini, wanakimbia vumbi.

— We Karani! Mtu katoka ng'ambo kuja kuchimba udongo wetu, aogope vumbi lake?

Bashiri alimimina vikombe vinne. Sabiti akapokea chake kwa mikono miwili, kwa sababu wa kulia ulikuwa unamuuma kuanzia kiganjani mpaka begani.

— Nisikilizeni mimi niliyekaa ofisini, alisema Karani, na mkono ukaenda kwenye kalamu. Serikali inataka hisa hamsini na moja katika mia. Kampuni mpya inasema chukueni ishirini, tena mtuachie miaka mitano bila kodi. Hapo ndipo walipokwama tangu mwaka juzi. Wamekaa Dar es Salaam mara tatu, wamekaa Ulaya mara mbili, mwisho wakaona waje waliangalie shimo lenyewe.

— Hamsini na moja ya nini?

— Ya mgodi.

— Mgodi umejaa maji mpaka mdomoni, ng'wanone. Serikali inagombea nusu na kidogo ya maji?

Walicheka. Sabiti naye akacheka, asije akaonekana wa peke yake.

— Mimi nawaambia dhahabu ya chini hawaitaki, akasema Karani. Wanataka ule mlima wa mchanga nyuma ya kinu cha kusagia mawe. Enzi zetu mashine zilikuwa za kizamani, dhahabu nyingi ilipita ikatupwa pamoja na mchanga. Wao wameandika kwenye mkataba, mahali padogo pa mwisho, kwamba watasawazisha uwanja. Serikali itaona hao ni wasafi kweli, kumbe wanapakia.

— Mchanga mdogo huo, alisema Mnada. Wewe fikra zako zinaishia kwenye uzio. Wanalitaka ziwa! Unadhani maji yale shimoni yametoka wapi? Yametoka Nyanza, kwa chini. Watafunga pampu hapa Geita, maji yatatokea jangwani huko kwa wenye pesa, na siku moja watu wa Chato wataamka wakute mitumbwi imekaa kwenye tope.

— Astaghafirullah, alisema Bashiri, akipuliza makaa.

— Ngoja, sijamaliza. Nani kakuambia mgodi ulifungwa? Ulifungwa huku juu. Mwadui kule wanachimba almasi usiku na mchana, sivyo? Kuna njia ya chini kwa chini kutoka Mwadui mpaka hapa. Dhahabu yetu inatoka kule, imefichwa ndani ya almasi.

— Dhahabu itafichwaje ndani ya almasi? Karani akauliza.

— Hilo waulize wao! Ndiyo maana mazungumzo hayaishi. Wanajadili kitu walichokwisha kukichukua.

Neno Mwadui lilimchoma Sabiti, na si kwa ajili ya njia ya chini kwa chini. Mkewe Mwanaidi alikuwa huko huko, mwaka wa tatu sasa, kwa binti yao Zuleha ambaye mumewe anafanya kazi mgodini. Barua zake huletwa na utingo wa basi. Ya mwisho ilikuwa fupi: mkwe wao amepewa nyumba kubwa zaidi, kuna chumba chenye dirisha, basi la Mwanza linapita huko Geita Jumamosi. Njoo, ameandika Mwanaidi, au uniambie kwamba huji, nijue moja. Barua hiyo ilikuwa mfukoni mwa shati la Sabiti, siku ya kumi na moja, bila jibu. Angejibu nini? Kwamba mgodi ukifunguliwa watahitaji mtu wa kupiga king'ora? Hayo alikwisha kumwambia kwa miaka kumi na mitano, mpaka mwanamke akafunga mzigo.

— Na king'ora je? aliuliza Bashiri. Hebu niambieni, jana nani alipiga king'ora?

Sabiti akanywa kahawa kabla haijapoa, ikamuunguza ulimi.

— Serikali hiyo, alisema Karani. Walikuja na kipaza sauti cha ofisi ya Chama, wakatia santuri yenye mlio wa king'ora. Walitaka Kampuni ione wananchi wako nyuma yao.

— Wapi! Kampuni yenyewe! akasema Mnada. Landrova ya tatu ilikuwa imefunikwa turubai, mliuliza ndani kuna nini? Zamu, wewe ndiye fundi. Ile sauti ilikuwa ya king'ora chetu?

Wote walimgeukia.

— Haikuwa yake, alisema Sabiti. Chetu kilikuwa cha umeme. Kilikwenda na jenereta.

Hapo hakusema uongo. Cha umeme kilikwenda. Lakini siku ya mwisho, msimamizi wa zamu, Mwingereza mwenye mguu mbovu, alimwita stoo akampa kingine, cha mkono, chekundu, kilichobaki tangu enzi za vita, cha kuzungusha mpini. Akamwambia akitunze mpaka watakaporudi. Sabiti alikitia chini ya kitanda. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, alikitoa, akakifuta, akakitia mafuta, akakirudisha. Mwanaidi alikiita mke mwenzake. Mwanzoni alikiita hivyo kwa utani.

— Basi mimi nitawaambia nilichosikia kwa masikio yangu, alisema Bashiri.

Karani na Mnada wakamgeukia. Bashiri si mtu wa kutia chumvi. Na siku zote tatu ndiye aliyepeleka kahawa nyumba ya wageni walikojadiliana wakubwa.

— Siku ya kwanza na ya pili, yule bwana wa Serikali, yule wa kaunda suti, alikaa kitako. Kila wakitaja ajira, anawaambia, sisi hatuna haraka. Watu wetu wana pamba yao, wana ng'ombe wao, na dhahabu haiozi ardhini. Mzungu mwenye ndevu nyekundu anageuka rangi. Jumanne jioni walikuwa wamefika arobaini katika mia, na kodi tangu mwaka wa pili. Nilisikia mimi. Nikasema moyoni, huyu bwana kaunda suti amenyonya kwa mama yake.

— Arobaini! alisema Karani.

— Arobaini. Jumatano asubuhi wakaenda kuangalia lango. King'ora kikalia. Nyie wote mlikuwepo, mliona watu. Na kofia zao za mgodini zilizotoboka, na taa zao za kabaidi, wengine wanakimbia na mikono ina udongo. Wakashika nyavu za lango wakiita wapewe kazi. Yule mwenye ndevu hakusema kitu. Alitoa kijitabu akawahesabu.

— Akawahesabu, alirudia Mnada polepole.

— Mchana nimeingia na birika, namsikia anasema, bwana, jana uliniambia watu wako hawana haraka. Leo nimeona mia nne. Basi tuanze upya. Serikali kumi na tano katika mia. Kodi baada ya miaka kumi. Vibarua tutawachukua kwa malipo tutakayoona sisi, kwa sababu hawa niliowaona watakubali chochote. Bwana wa kaunda suti akainama. Nilimwachia kikombe, nilipokuja kukichukua kilikuwa kimejaa vile vile. Kahawa yangu haijawahi kurudi imejaa.

Kikombe cha Sabiti kiligonga benchi.

Mnada hakupaza sauti. Alizungumza taratibu, na hilo liliwatisha zaidi.

— Baba yangu alikuwa akileta mnunuzi nyumbani kuona ng'ombe, sisi watoto tunatumwa kwa shangazi mapema. Mama anabandika chungu jikoni, ndani maji matupu, moto unawaka, moshi unaonekana. Mnunuzi anakaribishwa, anaambiwa, bwana, hatuuzi kwa shida, tunauza kwa kupunguza kundi. Unajua mwaka gani? Mwaka tuliokula mbegu. Na aliuza vizuri. Kila Msukuma anajua hivyo. Yule bwana wa Dar es Salaam alibandika chungu chake, moshi ukatoka siku mbili. Halafu mtu mmoja akaenda akafunua mfuniko. Nikimpata huyo aliyepiga king'ora...

Karani alikuwa ameshika kichwa.

Sabiti aliona haya, lakini chini ya haya kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho kilichomnyima usingizi. Alijua alivyokuwa jana. Alipoona Landrova zinaelekea langoni na wazungu wamevaa kofia ngumu, alikwenda chini ya kitanda hata bila kuamua. Alizungusha mpini nyuma ya nyumba mpaka jasho likamwingia machoni. Kisha alikisukuma chombo ndani, akajifuta uso, akafungua mlango wa mbele na kusimama kizingitini. Na watu wakaja. Wakaja kwa baiskeli, kwa miguu, wengine aliwajua kwa migongo yao, watu aliodhani wamekufa. Kwa robo saa barabara ile ilikuwa kama mwaka wa sitini. Alisimama pale akitabasamu kama mwenyeji wa harusi. Wote wakapita. Wakarudi mchana, kimya, wakapita tena. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja, akala nusu.

— Hodi hapa.

Mwanamke alikuwa amesimama chini ya baraza, mzigo kichwani, vumbi limempanda mpaka magotini. Umri wake ulikuwa wa makamo.

— Karibu, mayu, alisema Mnada.

— Naitwa Paskalina. Natoka Nyarugusu, nimedandia lori la pamba mpaka njia panda, huku nimetembea. Mume wangu ni Masele. Alifanya kazi hapa, namba mia sita na kumi na nane. Alifungua kiganja, ndani mna kipande cha bati chenye matundu mawili na namba. Jana jioni watu walikuja Nyarugusu, akaendelea, wakasema king'ora kimelia. Masele akalia kama mtoto. Shimo lake amewaachia wenzake papo hapo, lilikuwa linaanza kuonyesha dhahabu, mwezi wa tano tunalihangaikia. Anakuja na baiskeli na vyombo. Mimi amenituma nitangulie nimwandikishe, na niulize jambo moja.

— Uliza, mama, alisema Karani.

— Zamu ya kwanza inaanza saa ngapi?

Karani alitoa kalamu, akaitazama, akairudisha. Mnada aliangalia barabara. Bashiri alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Macho ya mwanamke yalipita kwa mmoja mmoja, bila shaka yoyote ndani yake, kwa sababu aliuliza kitu ambacho zamani hata mtoto wa Geita alikuwa akikijua.

— Hakuna zamu, alisema Sabiti.

— Lakini king'ora kililia.

— Nilikipiga mimi.

Benchi lililia Mnada aliposimama.

— Wewe? Zamu, wewe? Miaka yote hii nakaa bega kwa bega na wewe! Umetuuza, mzee! Umetuuza bei ya ng'ombe mgonjwa!

— Muache, alisema mwanamke, bado anamtazama Sabiti. Wazungu walikuambia upige?

— Hapana.

— Serikali?

— Hapana.

— Basi kwa nini, baba?

Jibu alikuwa nalo tayari, alilitengeneza usiku kucha kwa ajili ya siku atakapoulizwa.

— Niliona magari yanaelekea langoni, nikadhani wamekubaliana. Akamtazama mwanamke. Wote waliona kwamba yangeweza kuishia hapo. Lakini hata ningejua hawajakubaliana, mama, akaendelea, nadhani ningepiga. Nyumba yangu iko barabarani. Nilitaka kuona watu.

Karani aligeuza uso.

— Ukawaona?

— Niliwaona. Barabara ilijaa.

— Wakakusalimu?

Sabiti alifikiri kweli kweli, akawapitisha tena mbele ya mlango wake, wa baiskeli na wa miguu, wa kofia na wa kichwa wazi.

— Walikuwa na haraka, alisema.

Mwanamke alikifunga kile kipande cha bati kwenye ncha ya kanga. Hakulia wala hakumtukana. Alisema tu kwamba ni lazima amkute Masele njiani kabla hajafika mbali. Huenda wenzake hawajashuka bado, huenda watamrudishia hata upande mmoja wa shimo. Akaweka sawa mzigo, akageuka. Alikwenda hatua nne, tano, akasimama. Kisha akarudi mpaka mbele ya ncha ya benchi, akakunja magoti, mzigo ukiwa kichwani, mkono mmoja umeushika.

— Shikamoo, baba.

Sabiti akainua uso. Alipofungua mdomo, mwanamke alikuwa amekwishainuka na kuanza safari yake.

— Marahaba, aliuambia mgongo wake.

Mnada aliondoka bila kuaga, na hakuna aliyejua kama kesho atakuja. Bashiri akainamisha birika juu ya kikombe cha Sabiti. Likatoka tone moja na machicha.

— Imekwisha, alisema.

— Haidhuru.

Walikaa. Jua lilikuwa limefika kwenye baraza na Karani akasogeza miguu kivulini. Sabiti alitoa barua mfukoni, akaikunjua, hakuisoma, akaikunja tena kwa mikunjo ile ile.

— Karani, alisema. Basi la Mwanza, Jumamosi. Linapita saa ngapi?

Karani akagusa kalamu yake.

— Saa kumi na mbili asubuhi, alisema. Saa ile ile ya zamu ya kwanza. Uamke mwenyewe, Zamu, siku hizi hakuna wa kumwamsha mtu.